Desemba ya Ugenini

Mpwa wangu aliondoka Ifakara mwezi wa tisa kwenda kusoma Uswisi, katika mji wa Basel. Juzi ameniandikia: "Shikamoo mjomba. Huku watu wameanza kuagana. Kila mtu anamuuliza mwenzake atakuwa wapi Krismasi. Mimi sijaulizwa." Nilimsomea mama yake ujumbe huo tukiwa barazani kijijini kwetu Namawala, na majirani wachache walikuwepo. Walishangaa. Mtoto ameipata Ulaya, ana chumba, analipiwa ada, analalamikia nini tena? Mmoja alisema Krismasi ya huko lazima iwe kama ile ya kwenye kalenda, theluji na taa kila upande, na aliye ndani ya picha ile hawezi kukosa raha.

Sikuwalaumu. Ni nadra mtu aliyeishi huko akae chini aeleze mwezi wa kumi na mbili unavyokwenda kwa mtu aliye peke yake. Zamani barua zetu, na siku hizi picha zetu za simu, huonyesha mti wenye taa na koti jipya. Hazionyeshi jengo la vyumba vingi ambalo saa kumi na moja jioni dirisha lako peke yake ndilo linalowaka. Wanafunzi wetu wengi huondoka mwezi wa tisa, masomo ya huko yanapoanza, kwa hiyo mtihani wao wa kwanza ugenini huwa ni Desemba, kabla hata ya ule wa darasani. Nami niliufanya mtihani huo katika mji uleule alioko mpwa wangu, na nadhani nina deni la kuusimulia.

Kwa watu wa Namawala, Basel si jina geni. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa ameanzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mwaka 1943, alifika Ifakara, mahali ambapo wamisionari Wakapuchini, Waswisi wenzake, walikuwa wameshajijenga. Mwaka 1957 ikasimama maabara yake ya kudumu. Maabara hiyo ilikua, ikapita mikononi mwa Watanzania, ikabadilishwa jina zaidi ya mara moja, na leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Na mji wa Basel wenyewe una kesi ya siku nyingi na mbu: huko ndiko Paul Müller, akifanya kazi katika kampuni ya familia hiyohiyo ya Geigy, alikogundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948.

Kijiji chetu kiliingia katika habari hiyo kwa sababu ya mbu wake. Namawala iko magharibi mwa Ifakara, kando ya tambarare inayogeuka maji matupu Mto Kilombero unapofurika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipopiga hesabu, waliona kwamba mtu mmoja wa hapa alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Yaani karibu kila usiku. Nilikuwa miongoni mwa vijana waliopewa kazi ya kutundika mitego ya taa jioni kando ya vyandarua vya watu waliolala, na kuikusanya alfajiri mbu wakiwa bado hai ndani yake. Wadogo zangu walichomwa vidole, tone la damu likapakwa kwenye kioo, kioo kikaenda Ifakara.

Bibi yangu hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Kwake yeye mtu mweupe anayezunguka na gari akitaka damu ya watoto alikuwa mumiani, na hakuna maelezo ya vimelea yaliyoweza kumwondoa hapo. Hakuwa peke yake. Watoto waliposikia gari walitawanyika. Palikuwa na mtafiti mmoja kijana, Mzungu, ambaye kila asubuhi alitusalimia kwa Kiswahili cha kujifunza, taratibu, neno kwa neno, na kila asubuhi kuna mtoto aliyeangua kilio. Mtafiti yule alikaa Ifakara Krismasi nzima. Hakuna nyumba iliyomuuliza atakula wapi. Haikuwa chuki. Haikumjia mtu akilini kwamba mwenye gari anaweza kukosa mahali pa kula sikukuu. Nilimkumbuka sana miaka michache baadaye, zamu ilipokuwa yangu.

Nilikwenda kusoma Basel mwaka 1998. Taasisi ya Tropiki wakati huo ilikuwa katikati ya mji, katika mtaa uitwao Socinstrasse. Mpwa wangu anasoma katika jengo jipya la Allschwil, ilikohamia mwaka 2022. Oktoba yangu ilikuwa njema. Mwishoni mwa mwezi huo mji huwa na gulio kubwa lililoanza mwaka 1471, lenye mabembea, vyakula, na viwanja vya wauza vyungu. Hufunguliwa kwa kengele ya kanisa la Mtakatifu Martin, na ujira wa mpiga kengele ni glavu: anapewa ya mkono wa kushoto siku ya kufungua, na ya kulia siku ya kufunga, kazi ikiwa imekwisha. Mzee mmoja niliyesimama karibu naye ndiye aliyenieleza haya. Alieleza kwa ukamilifu, akanionyesha mnara, akahakikisha nimeelewa, kisha akanitakia siku njema akaenda zake. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wa kule hawasemi na mgeni. Mzee yule alisema nami robo saa nzima, kwa sababu alikuwa na jambo la kunieleza. Kinachowawia vigumu ni kuanza bila sababu. Sisi tunaanza kwa salamu, na salamu yenyewe inazaa sababu. Wao wanataka sababu iwepo kwanza. Nilipolielewa hilo, nusu ya uzito niliokuwa nao kifuani ilipungua.

Halafu wakarudisha saa nyuma. Kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba nchi nzima inarudisha saa zake kwa saa moja. Wakati huo Namawala haikuwa na simu za mkononi. Baba alikuwa akipanda baiskeli hadi Ifakara, Jumapili tuliyokubaliana, anakaa karibu na simu ya ofisi moja iliyokuwa ikitusaidia, nami napiga kwa kadi kutoka kibanda cha simu karibu na Mto Rhine. Ahadi yetu ilikuwa saa kumi jioni ya nyumbani. Mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa ameshakaa huko mwaka mzima alinitahadharisha, nikawahi kutuma faksi: kuanzia sasa saa kumi ya kwenu ni saa nane ya huku, si saa tisa tena. Baba aliposomewa ujumbe ule aliuliza ni nani aliyewapa hao watu ruhusa ya kulihamisha jua. Tulipozungumza akalirudia swali, na nilipomwambia jua liko palepale, zimehamishwa saa tu, akanijibu, "Basi wewe shika za kwako."

Ushauri ule ulikuwa na maana kuliko alivyodhani. Desemba ya Basel jua huchomoza saa mbili asubuhi imeshapita na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwanga wa mchana ni wa saa nane na kidogo, tena mara nyingi chini ya mawingu, huku Namawala wakati huohuo tunapata zaidi ya saa kumi na mbili. Theluji ni chache kuliko watu wa kwetu wanavyofikiri. Kilichopo ni baridi ya unyevu inayoingia kwenye magoti. Nilianza kulala bila kushiba usingizi. Chakula kikawa hakina ladha, viungo vikawa vizito, na mtu wa Namawala akisikia hivyo anajua la kufanya: nilikwenda kupimwa malaria. Daktari hakuona kimelea hata kimoja. Aliniandikia dawa moja tu, kutoka nje kila siku saa sita mchana, jua liwepo lisiwepo. Nilitii, na ilisaidia. Namwandikia mpwa wangu hili kabla ya jingine lolote, kwa sababu mtu akiwa gizani huanza kudhani kwamba nyumbani wamemsahau, kwamba masomo yamemshinda, kwamba Mungu hayupo upande ule, kumbe mwili wake unadai mwanga.

Tarehe 6 Desemba ni siku ya Mtakatifu Nikolasi. Anavaa joho jekundu, ana ndevu nyeupe, anakuja na kitabu kilichoandikwa tabia za watoto. Waswisi wengi wanamwita Samichlaus. Nyuma yake huwa kuna msaidizi wake, Schmutzli, mwenye nguo za rangi ya udongo na uso uliopakwa masizi, anayebeba gunia na fimbo ya kuwatisha watukutu. Nilialikwa kwenye tafrija ya watoto wa wafanyakazi. Mtoto mmoja wa kike, miaka mitano au sita, alimtazama Schmutzli, akanitazama mimi, akamtazama tena Schmutzli, kisha akamuuliza mama yake kwa sauti ambayo ukumbi wote ulisikia kama sisi ni ndugu. Mama alibadilika rangi. Watu wakaanza kuzungumza mambo mengine kwa haraka, kila mmoja akitafuta pa kuweka macho.

Iliniuma, na sitasema haikuniuma. Rangi yangu ilikuwa imepata mahali katika sikukuu yao, na mahali penyewe ni pa yule wa kutisha watoto. Usiku ule niliwaza sana, na aliyenijia akilini ni yule mtafiti kijana akisimama katikati ya uwanja wetu na salamu zake, na mtoto analia kwa sababu kaambiwa huyu ni mumiani. Mtoto wa Basel na mtoto wa Namawala walifanya jambo lile lile: walimwona mtu wasiyemjua, wakamvisha sura pekee waliyokuwa nayo ya kumvisha. Watu wazima ndio wenye kazi ya kuongeza sura nyingine. Ninaamini hivyo hadi leo. Tena sisi hatujaimaliza kazi yetu.

Gunia la Samichlaus lilipofunguliwa nilikuta ndani yake karanga za maganda. Nilizishika nisiamini. Karanga na machenza, ndiyo zawadi ya mtoto wa Uswisi siku ile, pamoja na mkate mdogo uliofinyangwa kama mtu, macho yake ni zabibu kavu. Nilikuwa nimejiandaa kuona vitu vya thamani. Karanga zile zingeweza kutoka kwenye debe la bibi yangu. Yule mtoto wa kike alikuja kukaa karibu nami kwa sababu hakujua kuyavunja maganda kwa mkono mmoja, na mimi nilijua. Nikamfundisha: unaliweka ganda katikati ya kidole gumba na cha shahada, unabonyeza pale kwenye mdomo wake, linafunguka lenyewe. Hakuniuliza tena kuhusu Schmutzli. Aliniletea karanga za wenzake nao niwavunjie.

Wiki hiyo hiyo simu ililia maabara, na sauti ikauliza kwa Kiswahili: "Yule kijana wa Namawala yupo?" Alikuwa mama mzee, Mswisi, aliyewahi kuwa muuguzi Ifakara katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko wakati wa ujana wake. Nikasema shikamoo. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Tangu nifike Basel nilikuwa sijaitikiwa marahaba na mtu aliye mji mmoja nami, na nililazimika kunyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Hakuniambia karibu chai. Alisema mkono wake wa kulia una maumivu, biskuti za Krismasi zinamsubiri, na Jumamosi anahitaji mtu wa kusukuma unga.

Jikoni kwake nilifunga aproni. Biskuti za Basel ziitwazo Brunsli hazitumii unga wa ngano: ni lozi zilizosagwa, sukari, chokoleti, ute wa yai, na ndani yake mdalasini na karafuu. Mama yule alisaga karafuu kwenye kinu kidogo cha shaba, na harufu ilipopanda nikahisi nimefika kwenye nyumba inayopika pilau. Donge la Brunsli linanata. Usipomwaga sukari mezani badala ya unga, litang'ang'ania ubao hadi ukate tamaa; ukimwaga nyingi mno, biskuti zinapasuka pembeni. Nililisukuma hadi unene wa kidole, tukakata nyota na mioyo, tukaziacha zikauke saa kadhaa, kwa sababu tanuri huzihitaji kwa dakika chache tu. Alinigombeza kwa unene usio sawa. Akanigombeza tena kwa kupanga nyota karibu karibu. Kwa mtu ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akishughulikiwa kwa adabu kubwa na kila mtu, kugombezwa kule kulikuwa na utamu wake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu methali hii hutumiwa kumsukuma mtu aliyezidisha siku, na mwenye kuambiwa hujisikia vibaya. Mimi tangu Jumamosi ile naisikia kama huruma. Mtu asiyepewa jembe anabaki mgeni siku zote, anakaliwa mbali, anaandaliwa, anashukuriwa, halafu anaagwa. Na sikukuu ndiyo wakati ambapo ugeni huo unaonekana waziwazi, maana kila mwenyeji ana kazi yake: huyu anabeba mti, yule anafunga zawadi, mwingine kapangiwa saladi. Wewe umekaa umeshika glasi.

Tarehe 24 mchana maduka yakafungwa. Kituo kikuu cha treni kilikuwa kimejaa tangu siku moja kabla, watu wamebeba mizigo na vibao vya kuteleza kwenye theluji, nami niliwaza stesheni ya TAZARA ya Ifakara wiki hiyo ya Krismasi, abiria wa Dar es Salaam wakiteremsha magodoro na mabegi kupitia madirishani, watoto wakigombania nani abebe cha nani. Nyumba ya wanafunzi ilibaki tupu. Jioni niliitwa kwa yule mama, na mara hii walikuwepo dada zake, watoto wao na wajukuu. Mti wao ulikuwa na mishumaa ya kweli, ya nta, iliyobanwa kwenye matawi kwa vibanio vya chuma. Mti mkavu, ndani ya nyumba, umewashwa moto sehemu ishirini au zaidi. Mama akanikabidhi ndoo ya maji na kitambaa kilicholowa kilichofungwa kwenye mwisho wa fimbo ndefu. "Wewe una macho," alisema. "Mshumaa ukiinama, zima."

Nilisimama pale na ndoo yangu wimbo baada ya wimbo. Mshumaa mmoja ulipinda kweli, tawi la chini likaanza kutoa moshi mwembamba, nikaugusa na kitambaa ukazimika kwa mlio. Hakuna aliyekatiza kuimba, ila babu mmoja aliyekuwa karibu aliniitikia kwa kichwa. Niliimba nao nyimbo ambazo sauti zake tunazijua sote, kila mtu kwa lugha yake. Usiku tulikwenda misa katika kanisa la Mtakatifu Klara. Hapakuwa na ngoma wala vigelegele, watu walitoka kimya wakashikana mikono. Kwa macho ya Namawala ungedhani hawana furaha. Nilikuwa nimeshapita jikoni mwao, kwa hiyo sikudhani hivyo.

Kesho yake nilipiga simu Ifakara. Baba alikuwa ameshafika. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umekula na nani?" Hakuuliza nimekula nini. Nikamweleza habari ya ndoo, na akataka nirudie sehemu ya moto ndani ya nyumba, akaniuliza kama wana paa la nyasi. Kisha akanieleza ya nyumbani kwa uwazi ambao barua hazikuwa nao: mvua zimewahi, mbegu ya mpunga wa supa imepanda bei, ghala ni tupu.

Hapo niseme jambo ambalo vijana walio nje hawaambiwi mapema. Desemba ndiyo mwezi ambao ndugu wa bonde la Kilombero huomba fedha, na vijana hao hudhani wanaombwa kwa ajili ya sherehe. Mpunga wetu huvunwa kuanzia mwezi wa tano na wa sita, na mwingi huuzwa palepale kwa bei ya chini, kwa sababu madeni yanasubiri. Ikifika Desemba gunia la mwisho limekwisha, na ndio wakati wa kulima, kununua mbegu, kulipa trekta au vibarua; na Januari shule zinafunguliwa. Krismasi imeangukia katikati ya njaa na gharama. Ukiijua kalenda hiyo, ujumbe wa mjomba au shangazi unausoma kwa moyo mwingine, na unaweza kupanga tangu Septemba badala ya kutikisika kila simu inapolia. Na ndugu nao wana wajibu wao. Posho ya mwanafunzi imehesabiwa kwa chumba, bima ya afya na chakula cha mji ulio ghali sana. Nilimwambia baba kiasi ninachopata na kiasi ninacholipa, tarakimu kwa tarakimu, siku ileile kwenye simu. Alinyamaza, akasema nitume nusu ya alichokuwa amekusudia kuniomba. Mwenzangu aliyekuwa akirudi Ifakara Januari alibeba bahasha. Tangu hapo hatukuwa na neno baya juu ya fedha, na naona familia nyingi zingepona kwa kusema tarakimu.

Nimeshamjibu mpwa wangu. Nimemwambia asisubiri kualikwa. Aende kwa yule mwenzake wa maabara anayemzoea aulize kama anahitaji mtu wa kubeba, kupika, kukaa na watoto. Ajitolee kupika wali kwa wale wanafunzi wa nchi nyingine ambao nao hawajaulizwa, maana wapo, wamejifungia. Saa sita mchana atoke nje. Na amwambie mama yake ukweli wa chumba kile kinachonyamaza, asitume picha ya mti wenye taa peke yake.

Lakini jambo linalonikera zaidi liko hapahapa. Kila Desemba Ifakara ina vijana wa Ulaya na Marekani waliokuja kujifunza au kufanya utafiti. Wako katika joto la mwezi huu, mbu wameanza kuzaliana na mvua, umeme unakatika, mikrismasi imechanua maua mekundu kote barabarani, na kwao hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kama Krismasi. Tunawafanyia nini? Tukiwakumbuka, tunawaweka kwenye kiti cha plastiki chenye mto, tunawapa soda na paja la kuku, tunawafukuza watoto wasiwasumbue, na tunawatazama wakila. Ni ukarimu, na umetoka moyoni. Nao wanashukuru, wanaondoka kabla ya giza, wanarudi hosteli kukaa kimya.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa aina hiyo alikuwa amezoeana na dada yangu kwa sababu ya kazi ya vyandarua. Siku mbili baada ya Krismasi alikuja Namawala akitaka kusalimia tu, akamkuta dada anatoka kwenda kusia mpunga. Dada yangu si mtu wa kuahirisha shamba mvua ikiwa imeshanyesha. Akampa jembe. Msichana yule hakujua kulishika. Alilima kwa mabega badala ya kiuno, na saa nne haijafika viganja vilikuwa vimetoa malengelenge. Dada alimfunga kitambaa, akamwonyesha namna ya kuliacha jembe lianguke kwa uzito wake wenyewe, wakaendelea. Watoto waliokuwa wakimwogopa kwenye kliniki walimfuata mstari hadi mstari wakimsahihisha. Mchana, wote walinawa kwenye ndoo moja wakala ugali na kambale kwenye sinia moja chini ya mwembe, na jioni akalala hapo hapo, chini ya chandarua alichokuja kukihesabu. Aliporudi kwao aliandika mwezi wa tatu kuuliza kama palizi imekwisha, na mwezi wa tano kuuliza kama ndege wamekula mpunga wake, na nani anawinga.

Mwaka huu nimezungumza na dada mapema. Mvua za kwanza zimepita na shamba la bondeni limeshatifuliwa, kilichobaki ni kusia na kufukia. Wanafunzi wanaobaki hosteli sikukuu hii wameshapewa habari: Jumamosi baada ya Krismasi gari la asubuhi la kuelekea kijiji cha Mbingu litawashusha Namawala, waje na kofia, maji ya kunywa, na nguo ambazo hawatazihurumia. Majembe yamenolewa, yapo ya kutosha, na mmoja wao ameuliza kama anaweza kuja siku moja kabla asaidie kuchagua mbegu.